Skaftini ya moto katika barabara za Johannesburg

Johannesburg kila mfanyakazi ana skaftini yake. Ndivyo wanavyoliita kopo au bakuli la kubebea chakula cha kazini. Neno lina asili ya Kidachi na Kiafrikana, na leo wachimba migodi, mafundi ujenzi, walinzi na madereva wote wanalo mdomoni. Alfajiri kwenye vituo vya teksi, zile hais zinazojaza watu, utaona kila mkoba una kitu kizito chini. Wenyeji humo wana ugali, wao wanauita pap, na kabichi au miguu ya kuku. Mimi nina wali na mchuzi wa nazi, na siku nyingine chapati mbili. Upishi ni mbalimbali lakini shida ni moja: ikifika saa 7 mchana chakula kimepoa, na pa kukipashia moto hapapo.

Nawaandikia hili nyinyi mlioko Maskati, Dubai na Doha kwa sababu najua karibu kila ukoo wetu una mtu anayeshika usukani mahali fulani, na swali la kwanza kwenye simu ni lile lile: "Umekula nini leo?" Mtu akijibu "nimekula" basi mama anaridhika. Lakini amekula nini, na kilikuwa katika hali gani, hapo ndipo penye maneno.

Kazi yangu ni kugawa bidhaa. Napakia mchele, viungo na mafuta ya kula Fordsburg, nashusha madukani Soweto, Lenasia, Tembisa na Pretoria, na mara moja kwa wiki napanda barabara ya N1 hadi Polokwane, kilomita 300 na kitu. Mjini nyama ya halali si tatizo, Waislamu wako hapa tangu zamani na maduka mengi yana alama ya SANHA au ya MJC ukutani. Ukishaiacha Pretoria nyuma ndipo unaanza kuchagua kituo cha kusimama. Halafu kuna hesabu. Sahani ya kuku na chipsi pamoja na soda haishuki sana chini ya randi 80. Fanya siku 22 za kazi, zimekwenda randi 1,760, na hapo hujanunua hata chai. Nyumbani pesa hizo ni gunia la mchele, samaki na bado unabaki na chenji.

Kuna wanaosema kula kikiwa baridi, tumbo halijui. Wao hawajakaa hapa mwezi wa Juni na Julai. Mji huu uko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa baridi unakaribia nyuzi sifuri. Saa 4 asubuhi samli imeganda juu ya pilau kama nta ya mshumaa. Wallahi hakiliki.

Njia ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni maikrowevu ya kituo cha mafuta. Hapa mafuta bado unajaziwa na mhudumu, na duka la kituo huwa na maikrowevu ya kupashia pai. Ombeni kwa adabu, watu wa hapa wanaipenda salamu kuliko tunavyodhani. Nikiingia nasema "Sawubona," nanunua chupa ya maji, kisha naomba dakika tatu. Nikifika saa 5 sijakataliwa hata siku moja. Saa 7, pale foleni ya wafanyakazi imefika mlangoni, siulizi hata kidogo. Maikrowevu hiyo imepashiwa kila aina ya nyama, na nguruwe yumo, kwa hiyo chakula changu huwa ndani ya bakuli la kioo lenye mfuniko na hakigusi sahani ya ndani. Anayetaka zaidi ya hapo amuulize sheikh wake.

Ubaya wa njia hii ni umeme. Mwaka 2023 mgao ulikuwa karibu kila siku, mara mbili au tatu kwa siku moja, saa mbili mbili au zaidi. Vituo vikubwa vina jenereta, lakini jenereta ni ya pampu, taa na majokofu, si ya wali wako. Tangu 2024 mambo yamepoa sana, ingawa aliyeishi mwaka ule haachi tena riziki yake ya mchana mikononi mwa waya.

Njia ya pili ni vile visanduku vya umeme vya kupashia chakula. Mama alinipelekea kimoja kutoka Ruwi, kizuri mashaallah, cha rangi ya waridi, kimeletwa na mpwa wangu ndani ya begi lililojaa halua. Kumbe ni cha umeme wa nyumbani. Plagi yake ina meno matatu bapa kama za Oman, na za hapa ni meno matatu ya mviringo, manene, hata kwenye ukuta haiingii bila adapta. Kwenye gari ndiyo kabisa. Sasa kipo jikoni, mke wangu anawekea maharage ya watoto, na mama akiuliza tunamwambia kinafanya kazi. Kweli kinafanya.

Kwa hiyo mkitaka kumpelekea kijana zawadi hiyo, geuzeni chini msome kibandiko. Gari dogo na pikapu ni volti 12. Lori kubwa ni volti 24. Ukichomeka kifaa cha kawaida cha volti 12 kwenye soketi ya 24, hakipati moto mara mbili, kinapata mara nne, na kinaungua au kinakata fyuzi. Vimo pia vinavyokubali vyote viwili, na kibandiko kitasema.

Hata kikiwa sahihi, msitarajie miujiza. Visanduku vingi vya gari havifiki hata wati 100. Chukua nusu kilo ya wali na mchuzi iliyotoka kwenye barafu, na kisanduku cha wati 45. Ili chakula kifike nyuzi 75 unahitaji kama dakika 45 kwa hesabu ya darasani, bila joto kupotea popote. Barabarani ni saa nzima na zaidi. Maikrowevu ya wati 800 inamaliza kazi hiyo kwa dakika tatu. Basi usingoje njaa ndipo uchomeke. Mimi nikiwa nashuka kutoka Polokwane nachomeka saa moja na nusu kabla ya kituo, injini ikiwa inawaka. Injini ikizimwa nachomoa, maana betri ikilala huko njiani chakula cha moto hakitakusukumia gari. Na wale wanaoniuliza habari ya kutia maikrowevu ya nyumbani ndani ya gari kwa kutumia inveta: inavuta zaidi ya ampea 100 kwenye betri ya volti 12. Betri ya kawaida ya gari haikutengenezwa kwa mchezo huo.

Njia ninayoipenda mimi haipashi moto kitu. Inazuia kisipoe.

Thamosi ya chuma yenye mdomo mpana, ile ya chakula, si ya chai. Alfajiri inajazwa maji yanayochemka, inafunikwa dakika kumi. Maji yanamwagwa, chakula kinaingia kikiwa kinatokota, kimejaa mpaka juu, na mfuniko unafungwa hapo hapo. Ukiijaza nusu imepoa kabla ya adhuhuri. Ukiijaza vizuri, baada ya saa sita bado inatoa moshi. Siri nyingine ni aina ya chakula. Vitu vizito na vya majimaji ndivyo vinavyoshika joto: maharage ya nazi, supu ya mbuzi, mseto wa choroko, mchuzi wa kuku. Boko boko ndiye mfalme, maana umelainika, una samli, na hauna haja ya kutafunwa ukiwa na haraka. Samaki wa kukaanga analowa humo ndani. Chapati nazifunga kwenye kitambaa na karatasi ya foili, nazilaza juu ya thamosi, zinapata kadiri zinavyopata.

Jambo hili si geni kwetu. Anayejua shuwa ya Oman anajua kuwa nyama inafukiwa ardhini siku nzima au mbili na hakuna anayepuliza moto. Kisiwani bibi zetu wakipalia makaa juu ya mfuniko wa pilau, kisha wanaliacha sufuria likae. Hapa Afrika Kusini, mwaka 2008, umeme ulipokuwa ukikatika, mama mmoja aitwaye Sarah Collins aliuanzisha mfuko wa kitambaa uliojazwa vitu laini vya kuzuia joto, akauita Wonderbag. Sufuria linachemshwa kidogo jikoni, linatiwa ndani ya mfuko, na chakula kinaendelea kuiva chenyewe kwa masaa. Mke wangu anao. Anachemsha maharage baada ya Isha, anayafunika, alfajiri yameiva, anayachemsha tena kidogo na yanaingia kwenye thamosi. Kwa mji huu ni msaada mkubwa, kwa sababu kwenye urefu huu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na maharage yanachukua muda kuliko Unguja au Maskati. Mgeni anayepika hapa mara ya kwanza anadhani ameuziwa maharage ya zamani.

Sasa nije kwenye wali, na hapa naomba mnisikilize.

Sisi ni watu wa mwiku. Wali wa jana ukikaangwa asubuhi na kitunguu, na chai ya maziwa pembeni, nani atakataa? Lakini mwiku wa nyumbani umelala penye ubaridi na umeliwa alfajiri. Wali uliofungwa ukiwa vuguvugu, ukakaa ndani ya gari lililoegeshwa juani hadi saa 9, huo ni kitu kingine. Ndani ya mchele mna bakteria, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, wanazaliana, na wanaacha sumu. Sumu hiyo, ile inayotapisha, haiondoki hata uuchemshe tena mpaka uungue. Ndiyo maana mtu anakwambia "mbona niliupasha moto vizuri!" huku ameshika tumbo.

Nilimwona dereva mmoja wa lori, kijana wa Tanga, kwenye maegesho ya City Deep, bandari kavu ya hapa inakopokewa makontena. Alikuwa amekaa foleni ya mpaka wa Beitbridge siku mbili, sufuria la pilau likisafiri naye kwenye kabati la chini ya tela. Jioni aliipasha moto akala na utingo wake. Usiku wote wawili walikuwa wanatapika kando ya matairi, na asubuhi hakuweza kushika usukani. Alikuwa na bahati gari limesimama. Fikiria ingemshika kwenye mteremko akiwa na tani 30 nyuma.

Kanuni ni nyepesi. Chakula kikae moto, zaidi ya nyuzi 60, au kikae baridi, chini ya nyuzi 5. Katikati pale kisizidi saa mbili, na gari likiwa kwenye jua kali, saa moja. Wali wa kesho unatandazwa kwenye sinia upoe haraka, unaingia kwenye friji usiku ule ule, asubuhi unapakiwa ukiwa baridi ndani ya kisanduku cha barafu. Chupa ya maji iliyogandishwa inatosha kuwa barafu, na mchana unayanywa. Ukishaupasha moto mara moja, uliobaki hauna safari ya pili.

Wale wa malori wana njia yao, jiko dogo la gesi kwenye kabati la ubavuni. Ukipita jioni pale City Deep unasikia harufu ya vitunguu kutoka kila upande, na ukisikia mtu anamwambia mwenzake "ongeza chumvi bwana" ujue uko na watu wa kwetu. Wanakula chakula kilichopikwa sasa hivi, nawaonea wivu. Ila jiko hilo mahali pake ni nje, mbali na pampu za mafuta. Usiku wa Julai baridi inamshawishi mtu aliingize kwenye kebini apike na apate joto kwa mpigo. Moshi wake una hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayelala nayo huenda asiamke. Mkiwa na mtu wenu kwenye malori, hilo mwambieni kabla ya habari za volti.

Ramadhani ya 2025 ilituangukia Machi, magharibi ikiingia kati ya saa 12 na saa 12 na nusu jioni, saa ile ile N1 imeziba na magari hayasogei. Nilifuturu mara tisa ndani ya gari mwezi ule. Tende za fardhi kutoka kwa mama hazitaki kupashwa moto, alhamdulillahi. Uji wa pilipili manga ulikuwa kwenye thamosi tangu saa 9, na sambusa kwenye foili juu ya kisanduku cha umeme. Siku moja karibu na Midrand nilitoka barabarani nikaegesha kituoni, na mhudumu wa pampu, Mzulu, akaja kuchungulia ni nini kinanukia hivyo. Nikampa sambusa mbili. Kesho yake nilipopita alikuwa ameshaninunulia maji, na skaftini yake mkononi, anataka kujua uji unatiwa nini.