Samaki Huyu Anakaa Mtaa Gani?

Jana jioni mpwa wangu alinikuta barazani, hapa Chumbageni, Tanga, simu mkononi. Huyu mtoto ni wa maswali. Nampendea hilo.

"Mjomba, kuna samaki wa Tanga ana mapezi kama miguu. Nataka kujua watafiti wamesema nini. Lakini jina lake silijui!"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Sogea.

Ukitumwa soko la Mgandini ukanunue kiungo, jina ukalisahau njiani, utafanyaje? Utarudi mikono mitupu? La. Utakwenda wanakouza viungo. Utapita meza hadi meza, ukinusa, mpaka pua ikwambie: ni hiki.

Makala za watafiti nazo zina soko lake. Linaitwa kanzidata. Moja ni African Journals Online. Ilianza mwaka 1998, na ina majarida zaidi ya 500 ya Afrika. Afya wana upande wao. Kilimo wana upande wao. Viumbe hai wana upande wao.

"Basi naingia kwa viumbe hai?"

Hapo hapo! Ukibonyeza mada, unakuta majarida. Ndani ya jarida, matoleo. Ndani ya toleo, makala. Ni mtaa, nyumba, chumba. Tukaingia mtaani pole pole. Kidole changu kikateleza, tukajikuta kwenye mihogo. Tukacheka, tukarudi. Tukakuta jarida la bahari yetu hii hii, Western Indian Ocean Journal of Marine Science.

"Mjomba, na samaki wangu?"

Hapo nikakaza sauti, nikawa samaki:

"Mimi ni silikanti. Watu walidhani nimetoweka tangu enzi za dinosaria. Mwaka 1938 nikanaswa Afrika Kusini, wakashika vichwa. Baadaye wavuvi wa Tanga wakanivua kwa nyavu za jarife. Mwaka 2009 nikatengewa hifadhi yangu hapa Tanga. Watafiti huniita Latimeria chalumnae."

"Kumbe ulikuwa unalijua jina!"

Nilikuwa nalijua. Nilinyamaza makusudi. Ningekupa jina mapema, ungeliandika kwenye kisanduku cha kutafutia, ukamwona samaki mmoja, basi. Mtaani umewaona majirani zake wote: kasa, matumbawe, pweza.

Nawe msomaji wangu mdogo, ukikuta makala inauzwa, usiombe hela kwa mama. Soma ikisiri yake, yaani muhtasari. Hiyo ni bure.