Ndoo ya Korona Imekwenda Wapi?

Asubuhi moja ya masika ya mwaka 2024 zahanati yetu, pembezoni mwa Temeke, ilijaa akina mama waliobeba watoto wanaoharisha. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi. Vyoo vya mabondeni vilikuwa vimejaa maji, na uchafu wake umeingia visimani.

Niliwaambia nilivyofundishwa chuoni: "Akina mama, chemsheni maji ya kunywa." Mama mmoja muuza maandazi akanijibu taratibu: "Mwanangu, nimekusikia. Lakini mkaa wa kuchemshia nitanunua kwa fedha gani? Wakati wa korona mlisema tunawe, tukanunua ndoo. Sasa mnasema tuache mkaa, tupande miti, tena tuchemshe maji. Tushike lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilimpa mtoto dawa, wakaenda zao. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza watu, Mbagala kwenye foleni yetu na Tegeta kwa dada yangu: Je, ule ugonjwa wa korona umetusaidia kupambana na mabadiliko ya tabianchi, au umeturudisha nyuma?

Watu wanasemaje?

Majibu niliyosikia ni ya aina tatu.

Wa kwanza wanasema korona ilimeza fedha na akili za wakubwa, hivyo mambo ya hali ya hewa yakawekwa kando. Kuna ukweli hapa. Mkutano mkubwa wa dunia kuhusu tabianchi, uliokuwa ufanyike Glasgow mwaka 2020, uliahirishwa hadi Novemba 2021. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa na miradi ya maji. Maji safi ni kinga ya korona, na ni kinga ya kipindupindu wakati wa mafuriko. Shilingi moja inaweza kufanya kazi mbili.

Wa pili wanasema korona iliipumzisha dunia. Ndege zilitua, viwanda vikafungwa, hewa ikatakata. Ni kweli kwamba mwaka 2020 hewa ya ukaa inayotoka kwenye mafuta, makaa ya mawe na viwanda ilipungua duniani kwa kiasi cha asilimia 5. Lakini mwaka 2021 ilipanda tena. Mgonjwa wa homa akimeza kidonge cha kutuliza tu, joto hushuka kisha hurudi, kwa sababu chanzo hakijatibiwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Wa tatu ni wengi zaidi. Hao wanasema: "Korona imepita. Hayo ya tabianchi ni ya wenye viwanda. Sisi tuna njaa." Babu mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, mimi sijawahi kuwa hata na baiskeli. Nimeichafua hewa kwa kitu gani?"

Babu huyo ana haki. Nchi zetu zimechafua hewa kidogo sana. Lakini mvua haiulizi nani mwenye kosa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu mabondeni, baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande. Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua, jiji zima likaishi kwa mgao. Masika ya 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwezi Aprili kwamba watu 155 wamekwisha kufa nchini kwa mvua na mafuriko. Maji yakizidi tunaugua, na yakikosekana tunaugua.

Korona ilitufundisha nini?

Mimi nilikuwa mwanafunzi Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa. Niliona kila duka limeweka ndoo yenye bomba na sabuni. Hakuna aliyesubiri mfadhili. Wazee wanakumbuka jambo kama hilo mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowafanya wananchi wachimbe vyoo kwa mikono yao. Kwa hiyo anayesema watu wetu hawabadiliki hasemi kweli. Watu hubadilika wakielewa sababu, na wakipewa jambo wanaloliweza.

Hatari ni kusahau. Leo ndoo zile nyingi zimekuwa za kufulia nguo. Ugonjwa ulipotulia, na mazoea mema yakaondoka.

Jibu langu kwa mama muuza maandazi

Nilikutana naye tena, nikamweleza haya. Nawe jaribu:

1. Maji yakishatokota kwa dakika 1 yanatosha. Vijidudu vya kuharisha vimekufa. Kuyaacha jikoni nusu saa ni kuchoma mkaa bure. Funika sufuria, yatachemka upesi.

2. Ukikosa mkaa, tumia jua. Chuja maji kwa kitambaa safi, yajaze katika chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2. Zilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, ziache siku 2. Au tumia dawa ya kutibu maji, kama maelezo yake yanavyosema.

3. Loweka maharage usiku kucha kabla ya kupika. Tumia jiko banifu. Pika mahali penye hewa, kwani moshi huumiza mapafu ya mama na mtoto.

4. Usitupe taka mtaroni. Mtaro ukiziba, maji ya mvua huingia chooni, kisha nyumbani.

5. Rudisha ndoo ya kunawia karibu na choo. Haikuwa ya korona peke yake.

6. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kujaza kilima. Kisha mlete zahanati bila kuchelewa.

Mama yule alisikiliza, akacheka kidogo. "Kumbe dakika moja tu! Mbona siku ile hukusema, mwanangu?"

Nilikiri kwamba siku ile sikujua shida yake ilikuwa mkaa. Nilidhani ni uzembe. Tangu hapo, kabla ya kumwambia mtu afanye jambo, namwuliza kwanza lina gharama gani kwake. Nadhani wenye kupanga mambo ya tabianchi nao wangefaa kuuliza hivyo hivyo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika mtaa wenu, ni mazoea gani ya wakati wa korona yaliyobaki? Yapi yamekufa, na kwa nini?
2. Mvua kubwa ikija, maji yatapita wapi? Nani wa kuzibua mtaro huo?
3. Tukumbushane: ndoo yako imekwenda wapi?