Pipa, Tangi au Mbao? Gharama Halisi ya Tuta la Akwaponiki

Mkaazi wa mtaa wa Kapsoya, mjini Eldoret, anayetaka kufuga samaki na kuotesha sukuma wiki kwa maji yale yale huanza kwa kuulizia bei ya pipa. Bei ya pipa ina maana yake, lakini si hiyo itakayommaliza. Katika ufugaji huu uitwao akwaponiki, chombo cha kuoteshea mboga, yaani tuta, mara nyingi hugharimu kidogo kuliko kile kinachojazwa ndani yake na meza ya kukibeba. Kwa hiyo mimi hupima kwa njia moja: najumlisha chombo, kokoto na meza, kisha nagawanya kwa mita za mraba za mboga na kwa miaka ambayo chombo kitadumu.

Kwanza kazi ya tuta. Samaki hutoa amonia, pampu huyapandisha maji hadi kwenye kokoto, na bakteria wanaoishi juu ya mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati, ambayo ndiyo chakula cha mboga. Maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafishwa. Tuta basi ni shamba na chujio kwa wakati mmoja, ndiyo maana ubahili wa kina haufai. Mwongozo wa FAO wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ya kiwango kidogo unataja sentimita 30, nami sishauri chini ya hapo.

Sasa uzito, mahali ambapo wengi huumia. Mita moja ya mraba kwa kina cha sentimita 30 ni lita 300. Kokoto ya kawaida ina takriban kilo moja na nusu kwa lita, hivyo hapo pana kilo 450 za mawe. Ongeza maji yanayojaza nafasi kati ya jiwe na jiwe, lita mia moja na ushei, na umepita kilo 550. Huo ni mzigo wa mita moja tu! Meza ya mbao za mabaki, inayolowa kila siku, haitaustahimili, na roshani ya ghorofa haikujengwa kwa kazi hiyo. Mawe ya pumisi, ambayo wakulima wa maua wa Naivasha huyatumia, ni mepesi sana, lakini kuyasafirisha hadi Eldoret hula faida yote. Bora kokoto ya hapa hapa, ya nusu inchi, iliyooshwa vumbi. Uwanda wa Uasin Gishu umefunikwa na mwamba wa volkano uitwao fonolaiti, usio na chokaa. Ndugu zetu wa Mombasa hawana bahati hiyo: jiwe la matumbawe hupandisha pH ya maji hadi mboga zikageuka njano kwa kukosa madini ya chuma. Kipimo ni siki. Dondoshea jiwe, likitoa povu, liache.

Turudi kwenye vyombo. Pipa la plastiki la lita 200 likipasuliwa kwa urefu hutoa matuta mawili, kila moja karibu nusu mita ya mraba. Plastiki yake, yenye alama ya namba 2 ndani ya pembetatu, ni nene na salama kwa samaki. Kasoro yake ni umbo. Kingo za nusu pipa zina kina kifupi, chombo huyumba kisipowekewa fremu, na mpira wa kiungo cha bomba (tanki konekta) haukai sawasawa kwenye mpindo. Faida yake kubwa ni kwamba linahamishika, na Kapsoya ina wapangaji wengi.

Ila uliza lilibeba nini. Tunaishi katikati ya mashamba ya mahindi na ngano, na kwenye mashamba hayo dawa za magugu na za wadudu hutumika kwa wingi. Plastiki hunyonya kemikali, na sabuni haizitoi. Nunua lililobeba juisi, sharubati au mafuta ya kupikia, tena likiwa na lebo yake. Kunusa peke yake hakutoshi.

Tangi la lita 1,000 lenye kizimba cha chuma huonekana ghali, lakini ukilikata sentimita 30 kutoka juu unapata tuta la zaidi kidogo ya mita moja ya mraba, na sehemu ya chini inabaki nyumba ya samaki. Usiondoe kizimba, maana bila hicho kuta hufura kwa uzito wa mawe. Pia plastiki yake nyeupe hupitisha mwanga na kuzalisha mwani, kwa hiyo ipake rangi nyeusi kwa nje. Kwa asiye na chombo cha samaki, bei hiyo inaeleweka. Aliye nacho tayari atakuwa anatupa pesa.

Chaguo langu kwa mwenye ploti yake ni sanduku la mbao lililotandikwa nailoni nene ya bwawa, ile wanayotumia wakulima kuvuna maji ya mvua. Mbao ya saiprasi ya inchi 12 kwa 1 ina upana wa karibu sentimita 30, kina kile kile tunachokitaka. Sanduku la futi nane kwa nne hutoa mita tatu za mraba, sawa na mapipa matatu yaliyopasuliwa. Weka kiungo katikati ili kuta zisipinde, kunja nailoni kwenye pembe bila kuikata, na epuka mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kwani shaba ni sumu kwa samaki.

Liweke sanduku hilo chini, juu ya mchanga uliosawazishwa, na tangi la samaki lichimbiwe ardhini ili maji yateremke yenyewe. Hapo gharama ya meza inafutika. Kisha kuna baridi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10. Ngege hukua vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30. Chini ya 20 anadumaa, na karibu na 16 anaacha kula. Nusu pipa lililo juu ya meza hupigwa na upepo pande zote, wakati mbao na udongo huhifadhi joto. Ukifuga kambare, anayeweza kuvuta hewa juu ya maji, unaweza hata kupunguza kazi ya pampu usiku. Shimo la samaki lifunikwe kwa wavu imara, watoto wasije wakatumbukia.

Mabati sipendekezi kabisa. Maji ya akwaponiki huelekea kuwa na tindikali, na tindikali huiyeyusha zinki, ambayo huua samaki. Saruji mpya nayo hutoa chokaa, kwa hiyo itandike nailoni.

Mpangaji basi achukue mapipa, mwenye ploti achukue mbao. Ukienda kununua, beba futi na chupa ya siki. Pipa ambalo muuzaji hawezi kukueleza lilibeba nini, mwachie mwenyewe, hata akikuuzia kwa bei ya kutupa.