Mchoro mdogo ndani ya barua: picha ya Van Gogh iliyovunja urafiki

Ni mwezi wa nne mwaka wa 1885, katika kijiji cha Nuenen, kusini mwa Uholanzi. Mchoraji Vincent van Gogh, mwenye miaka 32, anamwandikia barua mdogo wake Theo, muuzaji wa picha mjini Paris. Ndani ya barua anaweka mchoro mdogo wa wino: familia ya wakulima wamekaa mezani chini ya taa, wanakula viazi vya kizungu, vile ambavyo watu wa Kivu huita birayi.

Mchoro huo ulikuwa na kazi yake. Theo ndiye aliyekuwa akimtumia Vincent pesa za kuishi na za kununua rangi. Picha kubwa ilikuwa haijakamilika, lakini kupitia karatasi hiyo Theo aliweza kuona mbele ya wengine pesa zake zinazaa nini.

Mwezi huohuo, Vincent alitaka picha yake ifike kwa watu wengi zaidi. Aliichora upya juu ya jiwe la kuchapia, kisha nakala zikatolewa kwa mchapishaji mmoja mjini Eindhoven. Kwa kuwa jiwe hugeuza picha, aliyekuwa upande wa kushoto alitokea upande wa kulia.

Nakala moja aliituma kwa rafiki yake mchoraji, Anthon van Rappard. Walikuwa wamefahamiana tangu mwaka wa 1880, na kwa miaka yote hiyo waliandikiana kuhusu kazi zao.

Jibu la Rappard, la mwezi wa tano, lilikuwa kali. Alisema watu wa kwenye picha hawakuchunguzwa vizuri, na kwamba mkono wa mwanaume mmoja ni mfupi mno. Tena alikuwa na uchungu mwingine: baba yake Vincent alifariki mwezi wa tatu, na yeye alipata tangazo la kifo lililochapwa tu, bila neno la rafiki yake.

Vincent aliikunja barua hiyo na kuirudisha kwa mwenyewe. Waliandikiana mara chache tena, kisha mwaka huohuo urafiki ukaisha.

Rappard alihukumu nakala ya jiwe tu. Picha yenyewe ya rangi, yenye watu watano mezani, hakuwa ameiona. Leo iko katika jumba la makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, na ni kati ya kazi zake zinazojulikana zaidi.

Vincent alifariki mwaka wa 1890, na Theo akamfuata miezi sita baadaye. Mjane wa Theo, Jo van Gogh-Bonger, alizitunza barua na kuzichapisha mwaka wa 1914. Ndiyo sababu mchoro ule mdogo, uliotumwa kwa mtu mmoja tu, unaonekana hadi leo.