Mito ya Himalaya: Tazama Kalenda Kwanza

Wanaokwenda Nepal kushuka mito ya Himalaya kwa mashua za mpira huuliza kwanza mto upi ni mkali. Swali la maana zaidi ni mwezi gani. Mikondo hupangwa kwa madaraja, kuanzia 1, maji tulivu, hadi 6, yasiyopitika kwa usalama. Lakini daraja hubadilika kina cha maji kinapobadilika. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua za monsuni huufurisha mto Trishuli, na mkondo uliopitika kwa urahisi Novemba hugeuka hatari. Ndiyo maana safari nyingi hufanywa Oktoba na Novemba, au Machi hadi Mei.

Wapo watakaosema kofia ngumu, jaketi la kuelea na kiongozi hodari vinatosha. Kweli vinaokoa maisha, ila havipunguzi nguvu ya mafuriko wala ubaridi wa theluji iliyoyeyuka. Tena safari ya mto Sun Kosi, takriban kilomita 270 kutoka Dolalghat hadi Chatara, hupita mabonde yenye barabara chache; anayeumia huko huchelewa kufikiwa. Wengine hudai maji yakipungua, raha nayo hupungua. La hasha: mto Karnali hubaki na mikondo mikali hata baada ya mvua kukatika. Anayesubiri majira hapotezi msisimko; anapunguza tu hatari isiyo na faida.