Je, wajua jiwe la Kapoeta lilitoka wapi?

Aprili 1942 jiwe la zaidi ya kilo 11 lilidondoka kutoka angani karibu na Kapoeta, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, si mbali na mpaka wa Kenya. Wengi wetu tukisikia kimondo tunakumbuka kile cha Mbozi, pande la chuma. Hiki cha Kapoeta ni mawe ya volkano yaliyopondeka na kushikamana tena, na ushahidi unaelekeza kwamba asili yake ni Vesta.

Vesta ni asteroidi, ya pili kwa uzito baada ya Ceres katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Heinrich Olbers aliigundua tarehe 29 Machi 1807 akiwa Bremen, Ujerumani. Kipenyo chake ni kama kilomita 525, kuzidi umbali wa Nairobi na Mombasa. Uso wake wote ukiutandaza, ni mdogo kidogo kuliko Tanzania. Hulizunguka Jua kwa miaka mitatu na miezi saba na nusu hivi, ikilikaribia hadi kilomita milioni 322 na kujitenga nalo hadi milioni 385.

Upande wa kusini imebonyea vibaya. Chombo cha Dawn cha NASA, kilichoizunguka mwaka 2011 na 2012, kilipiga picha kreta ya Rheasilvia yenye upana wa kilomita 500 hivi. Katikati yake umesimama mlima wa kilomita 20 hivi, zaidi ya mara tatu ya Kilimanjaro. Pigo lililoichimba kreta hiyo lilirusha mawe mengi mno angani.

Yalifikaje huku? Hapa ndipo panaponishangaza kuliko pote. Jirani na njia ya Vesta kuna mahali ambapo jiwe hulizunguka Jua mara tatu kila Mshtarii inapozunguka mara moja. Mvuto wa Mshtarii basi hulipata palepale kila mara, kama mkono unaosukuma bembea kwa wakati wake. Njia ya jiwe hurefuka kidogo kidogo, mpaka ikakatiza njia ya Dunia.

Mwaka 1970 wanasayansi walichambua mwanga wa Jua unaoakisiwa na Vesta, wakakuta unalingana na ule wa vimondo vya aina ya hiki cha Kapoeta. Nayo Vesta, miezi inapotukaribia, mwenye macho makali huweza kuiona bila darubini akiwa penye giza totoro, kama lile la nyika za Kapoeta.