PAA LA ASBESTO: KULIONDOA KUNAGHARIMU NINI?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayetunza nyumba,

Ukurasa huu umezoea kukueleza hatari za chini ya ardhi: mwamba unaoachia, baruti, mavumbi ya kutoboa jiwe. Safari hii tunapanda juu ya nyumba. Wasomaji wengi wenye nyumba za zamani katika Bukavu wanajiuliza: je, nitoe mabati haya ya kijivu yaliyo juu ya kichwa changu? Na nikiyatoa, nitalipa nini? Soma mpaka mwisho, kisha fanya hesabu yako.

ASBESTO NI KITU GANI

Wewe unaijua kwa jina la eternite, kutokana na jina la kampuni ya Kibelgiji, Eternit. Ni sahani za kijivu, nyingine za mawimbi kwa paa, nyingine laini kwa plafo. Wakati wa Wabelgiji, mji wetu ukiitwa Costermansville, na hata miaka mingi baada ya uhuru, wajenzi wa nchi nyingi walizipenda: hazishiki kutu, haziungui, hazipigi kelele wakati wa mvua.

Asbesto yenyewe ni jiwe linalochimbwa, kama sisi tunavyochimba kasiteriti na dhahabu. Tofauti ni kwamba jiwe hili hupasuka likawa nyuzi nyembamba sana. Katika sahani ya paa, sehemu 10 mpaka 15 kwa 100 ni nyuzi hizo. Zilizobaki ni simenti. Simenti ndiyo inayozifunga. Simenti ikivunjika, ikikatwa kwa msumeno au ikisuguliwa, nyuzi zinatoka na kuruka. Jicho halizioni, pua haizisikii.

HATARI YAKE

Nyuzi zikiingia katika mapafu, mwili haujui namna ya kuzitoa. Zinaweza kuleta asbestosi, yaani mapafu kukakamaa na pumzi kupungua. Kansa ya mapafu. Na mesotelioma, kansa ya ngozi inayofunika mapafu. Ubaya ni kwamba ugonjwa hauji leo wala kesho. Huja baada ya miaka 20, 30, hata 40. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya 200.000 kila mwaka vinavyotokana na asbesto ya kazini.

Usifikiri ni jambo la mwanamume wa kiwandani tu. Karibu na kiwanda cha Eternit cha Kapelle-op-den-Bos, huko Ubelgiji, kulikuwa na familia moja. Baba, injinia wa kiwanda, alikufa kwa mesotelioma mwaka 1987. Mama, ambaye hakuwa mfanyakazi wa kiwanda, alikufa kwa ugonjwa ule ule mwaka 2000. Kati ya wana wao watano, wawili walifuata. Mavumbi yalifika mpaka nyumbani.

Na wewe uliye mchimbaji, jua hili: mapafu yako yamekwisha kubeba mavumbi ya jiwe. Usiyaongezee mzigo wa pili. Ikiwa unavuta tumbaku, tumbaku na asbesto pamoja huzidisha sana hatari ya kansa ya mapafu.

JE, NI LAZIMA KUONDOA?

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo pesa inapopotea bure. Paa lililo zima, lisilovunjika, lisilotoboka wala kubanduka, halitoi nyuzi nyingi. Kuliacha kwa utulivu ni bora kuliko kuliondoa vibaya. Gharama yake ni ndogo: kulitazama kila mwaka ukiwa chini, kukataza watoto kupanda, kutolisugua kwa brosi. Fundi anayejua kazi anaweza kulipaka rangi ili kufunga nyuso zake.

Lakini kama sahani zimepasuka, zinabanduka kama unga, au unataka kujenga upya, hapo kuondoa ni lazima. Vilevile baada ya ajali. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilitufundisha jinsi nyumba za Bukavu zinavyoweza kuanguka kwa dakika chache. Likitokea jambo kama hilo, lowesha vipande kwa maji, vifunike kwa bashi, weka watoto mbali.

DEVI YA KAZI: UNALIPIA NINI?

Usikubali bei ya mdomo. Omba devi iliyoandikwa, na uangalie kama ina mambo haya:

1. Kupima na kukagua. Si kila sahani ya kijivu ina asbesto. Uhakika hutoka laboratwari. Bila kipimo, ihesabu kuwa ni asbesto.

2. Watu na mavazi. Maske ya kitambaa haisaidii kitu. Inatakiwa maske ya daraja la P3, ovaroli ya kutumia mara moja, glavu na buti. Mavazi hayo hayarudi nyumbani kufuliwa na mama.

3. Kazi yenyewe. Paa linaloweshwa maji, misumari inatolewa polepole, sahani inateremshwa nzima, haitupwi chini. Sahani za zamani huvunjika chini ya mguu, na fundi wengi wameanguka. Kwa hiyo ngazi na mbao za kukanyagia ni lazima.

4. Kufunga na kubeba. Plastiki nzito mara mbili, alama ya hatari, kisha kamyo.

5. Mahali pa kuzika. Asbesto haichomwi, haitupwi katika ziwa wala bondeni. Huzikwa katika shimo lililokubaliwa na wenye mamlaka, ikafunikwa kwa udongo mwingi.

6. Paa jipya. Mabati, misumari, na pengine mbao mpya. Wengi husahau sehemu hii, halafu mvua inawakuta.

HESABU YA MFANO

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Ukiongeza mteremko na sehemu zinazotoka nje ya ukuta, paa linafika karibu mita mraba 100. Mita mraba moja ya sahani za mawimbi ina uzito wa karibu kilo 16. Basi juu yako kuna kilo 1.600, zaidi ya tani moja na nusu! Sasa unaelewa kwa nini kubeba na kuzika vinakula pesa.

Mafundi hupanga bei kwa mita mraba. Tuseme, kwa mfano tu, mmoja amekuomba dola 5 kwa mita: ni dola 500. Mwingine anasema dola 1: ni dola 100. Kabla ya kumchukua wa pili, muulize: maske ziko wapi? Plastiki iko wapi? Utazika wapi? Asipojibu, ujue amepunguza bei kwa kuondoa usalama. Atavunja kwa nyundo, mavumbi yatabaki katika parsele, na kusafisha udongo uliochafuka ni ghali kuliko paa zima. Na deni la mapafu halilipwi kwa dola.

NANI ALIPE?

Kama unakaa katika nyumba ya kampuni, usiguse paa mwenyewe. Andikia ofisi ya usalama, na umjulishe delege wa wafanyakazi. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba. Kama nyumba ni yako, mzigo ni wako, lakini unaweza kupunguzwa.

Tazama ng'ambo ya Ruzizi. Katika Rwanda, serikali iliamua asbesto iondoke katika mapaa ya nchi nzima, na kazi ikasimamiwa na Rwanda Housing Authority, sahani zikazikwa katika mashimo maalum. Kenya iliandika asbesto kati ya takataka za hatari katika kanuni zake za mwaka 2006. Mafunzo ni haya: paa moja peke yake ni ghali. Majirani kumi wa avenyu moja, wakiita fundi mmoja, kamyo moja na shimo moja, kila mmoja hulipa kidogo. Kaeni pamoja, mwende komini pamoja.

YASHIKE HAYA

– Usikate, usitoboe, usisugue asbesto.
– Usiigawe sahani ya zamani kwa jirani ajengee jiko, choo au banda la kuku. Zawadi hiyo ni ugonjwa.
– Usiisage kujaza mashimo ya njia.
– Usifagie vipande vikavu. Maji kwanza.
– Ukikohoa muda mrefu au pumzi ikipungua, mwambie munganga kazi zote ulizowahi kufanya, hata zile za miaka 30 iliyopita.

Ndugu, kama pesa haijatosha mwaka huu, liache paa limetulia na uanze kuweka akiba. Kungoja si aibu. Aibu ni kumpa mtoto nyundo siku ya Jumamosi ili baba aokoe dola chache.

Usalama wa mgodini unaanzia nyumbani.